Mwanamke mwenye ndevu aulizwe kwanza kuhusu hedhi yake

Msichana wa Isevya mjini Tabora au wa Gungu mjini Kigoma akianza kuota nywele ngumu kidevuni, watu watatu humfikia kabla ya daktari: shoga yake mwenye wembe, muuza krimu, na jirani anayemwambia kuwa ana bahati. Wote wanaweza kuwa na nia njema. Lakini hakuna hata mmoja anayemuuliza swali ambalo lingemfaa kuliko yote: siku zake zinakwendaje? Zinakuja kila mwezi, au zinaruka miezi miwili, mitatu, kisha zinarudi kwa fujo? Naamini kwamba ukimya wetu juu ya swali hilo unawagharimu wanawake wa Tabora na Kigoma zaidi ya nywele zenyewe.

Kwenye vijiwe vyetu maneno juu ya mwanamke mwenye ndevu hayaishi. Utasikia kwamba ana nyota ya biashara, kwamba mali haimtoki mkononi, kwamba ni mkali kwa mumewe. Ukigeuka upande wa pili, huyohuyo ataitwa jikedume, na wifi yake atanong'ona kwamba si mwanamke kamili. Sifa na tusi hapa vinafanya kazi moja. Vyote vinaichukua hali ya mwili na kuigeuza kuwa tabia, na tabia haipelekwi hospitali. Mikoa hii ya magharibi na Kanda ya Ziwa inapaswa kuwa makini kuliko nyingine katika jambo hili, kwa sababu tumeshashuhudia vikongwe wakiuawa kwa kudaiwa ni wachawi kisa macho yao mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupuliza kuni na samadi jikoni. Mwili wa mwanamke ulisomwa vibaya, akalipa kwa uhai wake.

Sasa tuuangalie mwili wenyewe. Uso wa kila mwanamke una nywele, nyingi zikiwa malaika: laini, fupi, hazionekani mpaka uzitafute kwenye mwanga. Vishina vya nywele za kidevuni, juu ya mdomo, kwenye taya, kifuani na chini ya kitovu vina sifa moja inayovitofautisha na vya sehemu nyingine: vinaitikia homoni za kundi la androjeni, ambazo testosteroni ni mojawapo. Wanawake wote wanazo. Hutengenezwa kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo, kwa kiwango kidogo sana kikilinganishwa na cha mwanamume. Homoni hizo zikizidi, au vishina vikiwa vyepesi kuziitikia hata zikiwa za kawaida, malaika hugeuka nywele nene nyeusi. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, mmoja akafuata kidevu cha shangazi na mwingine asifuate. Na kishina kikishageuka hakirudi kirahisi kutoa malaika, hata homoni zikitulizwa baadaye. Anayewahi kutibiwa anazuia vishina vipya visigeuke. Vile vya zamani atavishughulikia kwa njia nyingine.

Hali hii si ya wachache. Makadirio yanayokubalika na madaktari ni wanawake 5 hadi 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Chukua soko la Mwanga mjini Kigoma siku ya Jumamosi, au ibada moja iliyojaa mjini Tabora, ufanye hesabu mwenyewe. Hatuwaoni kwa sababu wameamka alfajiri kunyoa.

Sehemu kubwa ya wanawake hao, saba au nane katika kila kumi, wana tatizo moja nyuma ya ndevu: vifuko vingi kwenye ovari, ambalo wengi sasa wanalijua kwa herufi zake, PCOS. Vifuko hivyo ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Yai lisipokomaa na kutoka, hedhi huruka. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na ovari za namna hiyo, wakiunganisha hedhi iliyopotea, kukosa mimba na nywele za mwilini. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tatizo hili lipo kwa asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nalo hawajawahi kuambiwa kuwa wanalo.

Lakini habari ninayotaka kila muuguzi wa zahanati aikumbuke ni ya zamani zaidi. Mwaka 1921 madaktari wa Paris, Achard na Thiers, waliandika juu ya kisukari cha wanawake wenye ndevu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita walishaona kwamba kidevu na sukari ya damu vina uhusiano. Leo tunajua njia yake. Kwa wengi wenye PCOS, mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo kongosho huizalisha kwa wingi ili kufidia. Insulini hiyo nyingi huzisukuma ovari zitoe testosteroni zaidi, na wakati huohuo hulipunguzia ini protini linayoitoa kwenye damu ili kuifunga testosteroni. Inayobaki huru ndiyo inayofika kwenye vishina vya uso. Kwa hiyo nywele za kidevu zinaweza kuwa dalili ya mwanzo inayoonekana kwa macho, miaka kadhaa kabla ya kisukari chenyewe, au kabla ya kisukari cha mimba kumshtua mama kliniki. Weusi mzito kama mkunjo wa mahameli nyuma ya shingo na kwapani, ambao mama wengi hudhani binti haogi vizuri, mara nyingi hutokana na insulini hiyohiyo.

Basi fikiria yule binti wa Isevya aliyekabidhiwa wembe. Ananyoa miaka kumi. Anaolewa. Mimba haishiki. Ukweni wanaanza kuuliza, kisha kulaumu, kisha anapelekwa kwa mganga anywe mizizi. Mume hapimwi, kwa kuwa katika nyumba nyingi za kwetu kukosa mtoto ni kosa la mke mpaka ithibitike vinginevyo. Miaka yote hiyo uso wake ulikuwa unaeleza tatizo ambalo kwa wengi linatibika. Kuna vidonge vya kuamsha yai, letrozoli na klomifeni, vinavyomezwa siku chache mwanzoni mwa mzunguko chini ya uangalizi wa daktari, na wanawake wengi wenye PCOS hushika mimba kwa vidonge hivyo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi. Uchungu wangu upo hapo. Ndoa zinavunjika kwa tatizo ambalo lilionekana usoni tangu msichana akiwa kidato cha tatu.

Si kila ndevu ni PCOS, na si kila ndevu ni ugonjwa. Wapo wenye hedhi ya kawaida na homoni za kawaida ambao vishina vyao ni vyepesi tu. Wapo mabibi waliokoma hedhi, ambao estrojeni, homoni ya kike, imeshuka kuliko androjeni, wakaota nywele chache ndefu kidevuni. Hao hawana haja ya safari yoyote. Dawa nazo huchangia. Fenitoini, inayotumiwa na wenye kifafa, huweza kuotesha nywele mwilini. Mtu asiiache kwa sababu hiyo, maana degedege linaua. Azungumze na aliyemwandikia. Ila kuna mwanamke mmoja ambaye hapaswi kusubiri hata wiki: yule ambaye nywele zimemjia ghafla na kwa kasi, ndani ya miezi michache, huku sauti ikiwa nzito, upara ukianza kwenye paji la uso, au sehemu zake za siri zikibadilika. Huyo anaweza kuwa na uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi za juu ya figo unaomwaga homoni. Aende hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete kwa Tabora au Maweni kwa Kigoma, moja kwa moja, na aseme waziwazi kwamba mabadiliko yamekuja haraka.

Halafu kuna mkorogo. Hapa sitaki kupunguza makali. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa bila maelezo huwa na steroidi, zile za ukoo wa klobetasoli na betamethasoni. Ni dawa halali za ugonjwa wa ngozi kwa muda mfupi, lakini zikipakwa usoni kila siku kwa miezi hupunguza unene wa ngozi, huleta chunusi na mishipa myekundu, na huotesha nywele. Mwanamke anaanza mkorogo ili awe mweupe, anaota ndevu, ananyoa, ngozi iliyokuwa nyembamba inachubuka na kuacha weusi, anaongeza mkorogo kuufuta weusi. Nimeona mzunguko huo kwa wanawake wazuri kabisa. Wenye krimu zenye zebaki wako pabaya zaidi, maana zebaki huharibu figo. Anayetumia vitu hivi na ana ndevu aanze kwa kumwambia ukweli mhudumu wa afya, kwa kuwa kuacha steroidi kali kwa ghafla nako huufanya uso uwake, na anahitaji mtu wa kumsaidia ashuke taratibu.

Wembe wenyewe nausemea kwa upole kuliko wengi. Imani kwamba ukinyoa zinakuja nyingi na nene ilishapimwa zamani sana: mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alifuatilia ndevu za wanaume walionyolewa kwa utaratibu mmoja na hakuona zikiongezeka unene wala kasi. Nywele iliyokatwa huonekana nene kwa sababu ncha yake ni butu, basi. Kwa hiyo mwanamke anayenyoa hajijengei ndevu. Tatizo la wembe kwa ngozi yetu ni jingine. Nywele zetu zimejikunja. Ikikatwa chini sana, ncha hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi, ndipo vinakuja vipele, usaha, weusi, na kwa wenye asili ya makovu, kovu lililoinuka lisiloondoka. Kung'oa kwa kibanio huongeza hatari hiyo. Anyoe baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini na maji ya uvuguvugu, afuate nywele zinakoelekea, asivute ngozi, asirudie palepale. Mashine ndogo inayoacha nywele kidogo juu ya ngozi ni bora kwa mwenye vipele. Na wembe uwe wake peke yake. Wembe mmoja unaopita kwenye nyuso za mabinti wanne wa bweni moja ni njia ya homa ya ini na ya virusi vya UKIMWI.

Katika Ujiji na sehemu kubwa ya Tabora mjini wapo wanawake wanaoogopa kunyoa kwa sababu ya dini, wakikumbuka hadithi inayokataza kunyonyoa nywele za uso. Mimi si mwanachuoni. Lakini Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, alilitolea jambo hili maelezo alipoisherehesha hadithi hiyo: mwanamke akiota ndevu au sharubu, kuziondoa si haramu, bali kwake ni jambo linalopendeza. Imamu Tabari alikuwa na rai tofauti. Anayetaka utulivu wa moyo amuulize sheikh wake akijua kwamba wanavyuoni wakubwa walishalijadili suala hili bila kumdhalilisha mwanamke anayeuliza. Laiti nasi tungefikia adabu hiyo.

Kuna dawa moja ambayo historia yake inawagusa watu wa magharibi kuliko wanavyojua. Warina asali na wavuvi wa Urambo, Kibondo na Kasulu wanaijua malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo eflornithini kwa aina ya malale ya Afrika Magharibi na Kati, aina iliyowatesa zaidi watu wa Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aina inayopatikana Tanzania haiitikii vizuri dawa hiyo. Wagonjwa walikuwa watu wa vijijini wasio na fedha, na katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wake ukasimama kwa kuwa haukuwa na faida. Kisha mwaka 2000 dawa hiyohiyo ikaidhinishwa ikiwa krimu ya kupunguza kasi ya ndevu za wanawake, kwa sababu kimeng'enya inachokizuia ndani ya kijidudu cha malale ndicho kinachohitajika pia na kishina cha nywele ili kikue. Mwaka 2001, baada ya shinikizo la Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani, kampuni ya Aventis ikakubali kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale.

Watu wengi wakisikia habari hii hukasirikia wanawake wa Ulaya na Marekani walionunua krimu. Mimi siwalaumu. Mateso ya mwanamke mwenye ndevu ni ya kweli London kama yalivyo Kigoma. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2006, kwa wanawake 88, ulionyesha kwamba walitumia wastani wa dakika 104 kwa wiki kushughulikia nywele za uso, na robo tatu yao walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kuhitaji matibabu. Ninachokataa ni kugawa heshima kwa kipimo cha mfuko: kwamba ndevu za mwanamke wa huko ni tatizo linalostahili maabara, na za mwanamke wa Nguruka ni mzaha wa kijiweni.

Na hatuhitaji kuisubiri krimu hiyo, ambayo hata hivyo haing'oi nywele: hupakwa mara mbili kwa siku, matokeo huchukua wiki nyingi, na ukiacha zinarudi kama mwanzo. Dawa ambayo madaktari huanza nayo kwa mwanamke asiyetafuta mimba ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, vilevile vinavyotolewa kliniki. Hutuliza ovari, huongeza ile protini inayofunga testosteroni, na kwa mwenye PCOS hulinda ukuta wa mfuko wa uzazi, ambao ukikaa miezi bila hedhi hujengeka na unaweza baadaye kupata saratani. Sindano na vijiti havina estrojeni, kwa hiyo si badala yake kwa kazi hii. Vidonge hivyo havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mguuni, au mvutaji sigara aliyevuka miaka 35 atafutiwe njia nyingine. Hofu kwamba vinaharibu kizazi haina msingi. Visipotosha, daktari anaweza kuongeza spironolaktoni, dawa ya zamani ya moyo na presha inayoziba njia ya androjeni, kwa sharti kwamba mwanamke asishike mimba akiwa anaitumia kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Metformini husaidia sukari na hedhi, lakini kwa ndevu haifanyi makubwa. Zote zinataka subira ya miezi 6 angalau kabla ya kuamua kama zimefanya kazi, kwa sababu nywele zilizopo lazima zimalize mzunguko wake. Wengi huacha mwezi wa pili wakiamini wameibiwa.

Anayeweza kusafiri kwa ajili ya leza aulize jambo moja kabla ya kulipa: ni mashine ya aina gani. Leza hufuata weusi wa nywele, na ngozi nyeusi nayo ina weusi. Mashine isiyofaa huunguza na kuacha alama. Inayofaa zaidi kwetu ni ile ya Nd:YAG. Njia ya umeme, inayoingiza sindano nyembamba kwenye kishina kimoja kimoja, imetumika tangu mwaka 1875 na haijali rangi ya ngozi, lakini ni ya polepole na inataka mkono wenye ujuzi.

Mwanamke aliyepimwa, akaelezwa, kisha akaamua kuziacha ndevu zake ana haki hiyo yote. Mume wake hana kura kuliko yeye, wala mama mkwe. Ninachopinga ni kuachwa bila maelezo, kisha uamuzi wa wengine uitwe hiari yake.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wanaosimamia afya Tabora na Kigoma. Kliniki ya mama na mtoto, na dirisha la huduma rafiki kwa vijana pale lilipo, waongeze maswali mawili kwa kila binti na mama: hedhi yako inapishana kwa siku ngapi, na je, unanyoa au kung'oa nywele za uso? Swali la pili liulizwe faraghani na liulizwe kwa wote, kwa sababu aliyenyoa asubuhi haonekani. Akijibu ndiyo na hedhi inaruka, apimwe shinikizo la damu na sukari kwa tone la kidoleni, kipimo ambacho zahanati nyingi wanacho, kisha aandikiwe rufaa ya ultrasaundi na vipimo vya homoni. Naye mwanamke aende na tarehe za hedhi zake za miezi mitatu zilizoandikwa kwenye karatasi, majina ya dawa na krimu zote anazotumia, na umri aliokuwa nao nywele ya kwanza ilipoota. Akiweza, asinyoe siku chache kabla ya kwenda. Kitambaa au mtandio utamsitiri njiani, na mhudumu ataona anachotakiwa kukiona.